Anki kwa mwanafunzi wa sheria: uzoefu wangu wa kufanyia mazoezi nomino za Kiingereza

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za serikali hapa Tanzania tulikutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishiwa tulipoingia kidato cha kwanza. Ukifika kusoma sheria, vitenzi havikusumbui sana. Ukisoma kwamba mahakama "acquitted" mshtakiwa, unaelewa ameachiwa huru. Kazi inakuja pale unapotakiwa kuandika nomino yake kwenye mtihani: "acquittal", "acquittance" au "acquitment"? Na "seize" je? Aliyekula kiapo cha maandishi ni "deposer" au "deponent"? Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu, lakini hukumu nyingi za mahakama za juu za miaka iliyopita zimeandikwa kwa Kiingereza na mitihani yetu tunaijibu kwa Kiingereza. Huwezi kukikwepa.

Mimi nafanyia mazoezi kwenye Anki, programu ya kadi za kujipima. Kwenye kompyuta na simu za Android ni bure, haina matangazo, na ukishaipakua huhitaji bando ili kujisomea. Wenye iPhone app yake wanailipia, ila wanaweza kusomea bure kwenye kivinjari kupitia AnkiWeb. Unaandika swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Kila ukijibu unaiambia kama umekosa, umepata kwa shida au umepata kirahisi, nayo inapanga kadi hiyo irudi lini. Uliyokosa inarudi baada ya dakika chache, unayoiweza inasogezwa siku, wiki, hadi miezi.

Kwa nomino, chagua aina ya kadi inayokulazimisha kuchapa jibu. Ukimaliza kuchapa, inakuonyesha kwa rangi herufi ulizopata na ulizokosa. Kwenye "judgment", ambayo wanasheria wanaiandika bila "e" katikati, au "forfeiture", rangi nyekundu inakuonyesha kosa pale pale lilipo. Kutazama tu neno na kusema "hili nalijua" hakukusaidii chochote siku ya kuandika.

Mafungu ya kadi yaliyotengenezwa na watu wengine yapo mengi mtandaoni. Nililijaribu moja la Kiingereza cha sheria na sikushauri ulichukue. Lilikuwa na maneno makavu bila sentensi, tena kwa tahajia ya Kimarekani: "defense", na "license" kwa nomino na kitenzi. Sheria zetu zinafuata tahajia ya Uingereza, yaani "defence", na "licence" ikiwa nomino. Tengeneza kadi zako mwenyewe. Chukua sentensi kutoka kwenye sheria au hukumu unayoisoma, toa nomino, acha nafasi, weka kitenzi chake pembeni.

Anki imenifaa zaidi kwenye jozi za "-or" na "-ee". Hapa ndipo watu wanapoteza maksi. Kwenye rehani ya nyumba, "mortgagor" ni nani? Wengi wanataja benki, kwa sababu benki ndiyo inayotoa hela. Sivyo. Kinachotolewa katika neno hilo ni rehani, na anayeitoa ni mwenye nyumba, basi yeye ndiye "mortgagor" na benki ni "mortgagee". Kadi yenye neno tupu haiwezi kukufundisha hilo. Kadi zangu zina tukio: "Asha anampelekea fundi simu yake ikatengenezwe. Asha ni nani?" Jibu ni "bailor", na fundi ni "bailee". Kila jozi naitengenezea kadi mbili, moja kwa kila upande, ili nisikariri jibu kwa mazoea. Kuna "lessor" na "lessee" (mpangishaji na mpangaji), "donor" na "donee" (mtoa zawadi na mpokeaji), na kila moja inajibiwa kwa kujiuliza kitu gani hasa kimetoka kwa nani.

Nyingine zinazostahili kadi ni nomino zisizohesabika. "Evidence" haichukui "an" wala "s" ya wingi. "Damage" ni hasara yenyewe, "damages" ni fedha ambazo mahakama inaamuru ulipwe, na kwenye jibu la madai ya fidia herufi hiyo moja inabadilisha maana yote. Wingi wa "Attorney General" ni "Attorneys General", kwa maandishi rasmi.

Isichofanya Anki ni kukusahihishia insha. Haitakuambia kwamba umeijaza sentensi nomino mpaka haisomeki, kwa hiyo bado unahitaji mtu wa kukusomea kazi zako. Na ukiacha kadi zikajazana, siku ya kurudi utazikuta nyingi mno. Afadhali uongeze chache kila siku.

Naipendekeza kwa yeyote anayesoma LL.B., yaani shahada ya kwanza ya sheria, hasa mwaka wa kwanza. Pa kuanzia ni kifungu cha 2 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Humo utakuta "proposal", "promise", "promisor", "promisee", "consideration" na "agreement", zote zikiwa na maana zake. Kadi za kwanza unazo hapo, na ni mambo ambayo mwalimu wa mikataba atakuuliza kwa vyovyote vile.