Brashi ya kunyolea ya laki tano: ununue au uache?

Shemeji yangu amepanda cheo, na mtu akipanda cheo huanza kuona vitu ambavyo jana hakujua kama vipo. Juma lililopita alinitumia picha ya brashi ya kunyolea ndevu: mpini wa rangi ya pembe za ndovu, shada la manyoya meupe nchani na mkanda mweusi katikati, bei dola 210, kama shilingi laki tano za Kitanzania. Chini yake kaandika, "Shemeji, wewe ndiye mtaalamu wa mambo haya. Ninunue?"

Utaalamu wenyewe ni kwamba bafuni kwangu kuna brashi nne, na mke wangu ameshachoka kuuliza za nini. Nilimwahidi jibu la maandishi, nikaona niwape na wengine. Nimezipanga aina za brashi kuanzia ninayoipendekeza kwanza. Ile ya dola 210 imeangukia mkiani, na nitaeleza kwa nini, ingawa mimi mwenyewe ninayo moja ya jamii hiyo.

Kabla ya yote, ujue kama unahitaji brashi. Anayekwenda kwa kinyozi kila Ijumaa akapitishiwa mashine na spiriti haihitaji. Anayetumia povu la kopo haihitaji pia, maana povu lile limeshakorogwa kiwandani. Na anayetumia poda ya kung'oa ndevu, ile inayonuka kama yai viza, asiiguse kabisa na brashi ya manyoya: dawa inayoyeyusha ndevu zako haichagui, itayeyusha na manyoya ya brashi. Brashi ni ya mtu anayenyoa kwa wembe, akiwa na sabuni ya kipande au krimu ya tyubu. Kazi yake ni kubeba maji, kuyachanganya na sabuni mpaka povu liwe zito kama mtindi, kisha kulisugua usoni ili ndevu zilainike na kusimama.

Hapo kwenye kusimama ndipo penye faida kwetu wenye nywele za kipilipili. Ndevu zetu hukua kwa kujikunja, na zikikatwa karibu sana na ngozi ncha hurudi kuchoma ndani. Ndivyo vile vipele vya shingoni vinavyomfanya mtu avae kola juu mpaka masikioni. Ndevu iliyolowa dakika mbili tatu hukatika kirahisi, wembe haulazimiki kupita mara nne palepale. Lakini tusidanganyane: brashi haiponyi vipele. Ukinyoa kinyume na zinakoelekea ndevu, huku umeivuta ngozi, vitatoka tu hata brashi iwe ya dhahabu. Na kama ngozi imeshachubuka, usiisugue kwa kuzungusha. Paka kama unavyopaka rangi ukutani, juu na chini.

Ya kwanza: sintetiki

Najua wengi mtakunja uso. Brashi za nailoni za zamani zilistahili kudharauliwa, ilikuwa kama kupaka povu kwa ufagio wa chooni. Za sasa ni kitu kingine. Nyuzi zimechongwa zikawa nyembamba nchani na nene chini, kama unywele wa mnyama, na ukifumba macho huenda usitambue tofauti. Mühle, kiwanda cha familia kilichopo Stützengrün huko Saxony, Ujerumani, tangu 1945, wanatengeneza nyuzi nzuri mno, na bei yao si ya kitoto. Yaqi wa China wanauza brashi kwa dola 10 hadi 20, na kwa anayeanza sioni sababu ya kupita hapo. Chukua yenye shada la milimita 24. Ya 30 itakupaka povu mpaka puani.

Kinachonifanya niiweke juu ni hali ya hewa. Mimi naishi pwani, na pwani kitu kilicholowa asubuhi kinaweza kulala hakijakauka. Nyuzi za plastiki hazinywi maji: ukiikung'uta, mchana imekauka. Haioti ukungu, haina harufu, nondo hawana habari nayo, na haimgusi mnyama wala dini ya mtu. Kasoro yake ni kwamba inadunda. Ukiikandamiza kwa nguvu inarusha povu kwenye kioo. Halafu haishiki maji mengi, kwa hiyo ongeza matone kidogo kidogo badala ya kuichovya yote.

Ya pili: singa za farasi

Hizi hukatwa kwenye mkia na shingo, na si lazima farasi auawe. Zina ukakasi wa wastani, zinashika maji vizuri, na siku za mwanzo zinanuka zizi. Ioshe kwa shampuu mara tatu. Vie-Long wa Hispania ndio wanaojulikana zaidi kwa kazi hii, na bei yake haiumizi.

Singa za farasi zina historia yake ya kutisha, na mtu anayefikiria kununua brashi ya bei mbaya aijue. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nywele za kutengenezea brashi bora zilitoka Urusi na kusafishwa dhidi ya vijidudu Ujerumani. Vita vikaikata njia hiyo. Wafanyabiashara wakageukia singa za farasi kutoka Mashariki ya Mbali, wakazitia rangi zifanane na manyoya ya beja, yule mnyama wa brashi za ghali tutakayemfikia chini, zikauzwa zikiwa hazijasafishwa ipasavyo. Ndani yake mlikuwa na vijidudu vya kimeta. Ndiyo, kimeta hiki hiki wanachokijua wafugaji. Kati ya 1915 na 1924, Waingereza na Wamarekani zaidi ya 200, wengi wao askari, walipata kimeta kwa brashi za kunyolea. Mtu amejikata kidogo, kapitisha brashi mpya, siku chache baadaye uso umevimba. Leo nywele zinasafishwa na hatari hiyo ni ndogo mno. Ninachotaka ukumbuke ni kwamba brashi feki za beja zilikuwa sokoni miaka mia moja iliyopita, na bado zipo.

Ya tatu: nguruwe

Kwa msomaji Mwislamu, habari imeishia hapo. Ruka aya inayofuata. Ila kagua vizuri kabla ya kununua brashi yoyote ya bei rahisi iliyoandikwa tu "manyoya asilia", kwa sababu mara nyingi ni huyu huyu. Hata nyingine za saluni ni za nguruwe na mwenye saluni hajui.

Kwa asiye na kizuizi, hii ndiyo brashi inayorudisha pesa kuliko zote. Omega wa Bologna, Italia, wamekuwa wakizitengeneza tangu 1931, na vinyozi wa Italia na Ureno wamezitegemea tangu zamani. Inataka subira. Inapokuwa mpya ni ngumu na haishiki povu, ila kila unapoitumia ncha zinapasuka na kulainika, na baada ya mwezi mmoja au miwili ni brashi nyingine kabisa. Iloweke dakika kadhaa kabla ya kunyoa.

Ya nne: beja wa daraja la chini

Beja ni mnyama wa ukoo mmoja na nyegere wetu, mwenye uso wa mistari mieupe na myeusi. Manyoya yake yamepangwa kwa madaraja ambayo kwenye boksi utayasoma 'pure', 'best', 'super' na 'silvertip', kutoka chini kwenda juu. Hakuna chombo kinachosimamia majina haya. 'Super' ya kampuni moja inaweza kuwa 'best' ya nyingine. Hiyo 'pure', ambayo mgeni hudhani maana yake ni beja halisi asiyechanganywa, ndiyo ya chini kabisa: nyeusi, fupi, inachoma kama majani makavu. Unalipa dola 30 au 40 upate kitu kibaya kuliko sintetiki ya 12. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ya mwisho: beja wa kifahari

Sasa tumefika kwenye picha ya shemeji. Brashi za daraja la juu kutoka kwa watengenezaji wa Ulaya huanzia karibu dola 100 na kupita 300. Majina ni ya kale: Kent wa Uingereza wa 1777, Plisson wa Ufaransa wa 1808, Simpson aliyeanzia London mwaka 1919. Unacholipia ni nini hasa? Ni unywele mrefu uliochaguliwa mmoja mmoja kwa mkono, na ncha ambayo haijakatwa. Fundi halipunguzi shada kwa mkasi kama kinyozi anavyosawazisha nywele. Anazipanga nywele katika kikombe mpaka zijitengeneze umbo la balbu au feni zenyewe, kisha anaufunga mzizi na kuutia gundi. Kwa hiyo kinachogusa uso ni ncha aliyozaliwa nayo mnyama. Ni laini, na inashika maji ya moto kiasi kwamba povu linabaki na joto hadi unapomaliza. Siwezi kuidharau raha hiyo. Mimi huitoa yangu Jumapili, na huwa nachelewa ibada ya kwanza.

Ila ndevu zinakatika vilevile. Nimenyoa nusu ya uso kwa povu la sintetiki na nusu kwa la beja, wembe ule ule, nikamwita mke wangu aguse. Hakuona tofauti, akarudi jikoni.

Zipo na sababu nyingine. Beja wa Uingereza analindwa kwa sheria ya 1992, kwa hiyo manyoya ya brashi za Kiingereza hutoka China. Mwaka 2018 PETA, shirika la kutetea wanyama, lilionyesha picha za mashamba ya huko, wanyama wamefungiwa katika vizimba vidogo na kuuawa kwa kupigwa, na baadhi ya kampuni zikaacha kuziuza. Wauzaji wengine hujitetea kwamba manyoya ni masalia ya wanyama wanaowindwa kwa kuharibu mazao. Mimi yangu niliinunua kabla sijayajua haya, na sidhani kama ningenunua ya pili. Kwa Mwislamu lipo pia swali la unywele wa mnyama asiyechinjwa. Hilo ni la shehe wako, si langu.

Halafu kuna feki. Kabla ya hii niliyonayo niliagiza 'silvertip' ya dola 60 kwa muuzaji wa mtandaoni. Mara ya kwanza kuilowesha, povu likatoka rangi ya chai ya rangi. Yalikuwa manyoya ya kawaida, ncha zimepaushwa kwa dawa na mkanda wa katikati umepakwa. Mwezi wa tatu ncha zikaanza kukatika. Nywele tano sita kudondoka wiki ya kwanza ni kawaida. Zikiendelea kudondoka kila siku, umepigwa. Ukishaamua kununua beja, nunua kwa mtengenezaji mwenyewe au kwa duka analolitaja yeye. Punguzo la nusu bei kwenye brashi ya aina hii si bahati.

Jambo ambalo wauzaji wa Ulaya hawatakuambia ni maji yako. Maji ya kisima cha Dar au Mombasa, yale yenye chumvi, yanaiua sabuni: badala ya povu unapata ukoko mweupe kwenye beseni. Hakuna brashi inayotibu hilo, iwe ya dola 10 au 300. Kusanya maji ya mvua, au tumia kikombe kimoja cha maji ya kunywa; kinatosha kunyoa uso mzima. Nimeona mtu akibadilisha brashi tatu, kumbe adui ni bomba.

Na ukiimiliki, utunzaji si ibada. Maji ya moto ya kuoga, si yanayochemka, maana yanaharibu unywele na gundi pamoja. Suuza mpaka sabuni iishe, ikung'ute, iache mahali penye upepo. Kile kiango cha kuining'iniza kichwa chini ni pambo. Usiifungie mbichi kwenye begi la safari. Kutoka Dar hadi Mwanza kwa basi inatosha kuioza. Na usiazimishe, hata ndugu.

Nani basi anunue ya kifahari? Mtu ambaye ameshanyoa kwa brashi mwaka mzima na anajua anachokikosa, maji yake ni mazuri, suala la mnyama amelimaliza moyoni mwake, na laki tano ikitoka nyumbani hakuna anayelala na swali. Shemeji hana hata brashi moja. Nilimwambia achukue sintetiki ya milimita 24 na sabuni nzuri, tuongee tena Krismasi.

Amenisikia, brashi imefika. Jana akanitumia picha nyingine: bakuli la kaure la kukorogea povu, dola 85. Nimemjibu atafute kabatini kikombe kilichovunjika mkono.