Sheria na siasa kwenye digrii moja: uzoefu wangu hapa Mtwara

Wadogo zangu mnaomaliza kidato cha sita na tahasusi zenu za sanaa, HGL na HKL, mnanijia kila siku kuniuliza hii kozi ikoje. Naandika hapa mara moja tu, na naandika nikiwa na hasira, mjue hilo mapema. Kozi hii ni ulaghai. Someni kwanza, halafu muamue.

Digrii yetu ni ya sheria, ila unachukua na masomo ya siasa na utawala wa umma. Sifa za kujiunga, ada na miaka mtaviona kwenye mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Chuo sikitaji. Niliichagua kwa sababu moja: sheria na siasa zimewekwa pamoja. Mimi ni mtu wa Tandahimba. Kwetu mtoto hajamaliza darasa la saba ameshajua kwamba pesa ya korosho haiamuliwi shambani. Inaamuliwa na sheria, na sheria inatungwa na watu wa siasa. Nilitaka mtu anifundishe pale viwili hivyo vinapokutana.

Sasa sikilizeni. Semina ya sheria ya utawala, tukaambiwa kila mmoja achague uamuzi wa serikali auchambue: nani kauamua, kwa mamlaka gani, na aliyeumia aende wapi. Nikachagua korosho za 2018. Ningechagua nini kingine? Juni mwaka ule Bunge lilibadilisha sheria ya korosho kupitia Sheria ya Fedha. Ule ushuru wa korosho zinazokwenda nje, ambao asilimia 65 yake ilikuwa inarudi kwenye zao na kusaidia pembejeo, ikiwemo salfa, ile dawa ya mikorosho, ukaenda wote mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele wakashindwa. Msimu ulipofunguliwa wakulima wakakataa bei za mnadani, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba. Kisha ukaja uhakiki wa wakulima kabla ya kulipwa. Huna shamba la kuonyesha? Basi wewe ni kangomba, umenunua kwa wenzako kinyemela, subiri.

Mama yangu mdogo alihakikiwa. Shamba ni la marehemu babu, karatasi halina, linajulikana kwa majirani na kwa mkorosho mkubwa ulio mpakani. Stakabadhi ya chama cha msingi cha ushirika alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga. Akaifungua, wakaisoma, wakamrudishia, wakaondoka. Hakuna aliyemwambia kosa lake ni lipi, wala hakuulizwa ana lipi la kusema. Ndipo nikaandika kwamba Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Nikauliza: kumwita mtu kangomba na kumzuilia pesa zake, je, huko si kuamua haki zake? Kazi ile niliifanya kwa moyo wangu wote.

Sikufika ukurasa wa pili. Mhadhiri akanyoosha mkono. "Binti, kaa. Hapa tunafundisha sheria. Siasa zenu za korosho peleka kijiweni."

Darasa likacheka. Na waliocheka kwa nguvu ni watoto wa Newala na Nanyamba, ambao hizo korosho ndizo zimewalipia ada toka shule ya msingi! Nikamwambia, samahani mwalimu, nimetaja ibara ya Katiba. Akajibu, "Nimesema kaa." Akaichukua kazi yangu, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kompyuta yake. Akamwita anayefuata.

Anayefuata akasoma kesi ya Ridge na Baldwin, ya Uingereza, iliyoamuliwa 1963. Mkuu wa polisi wa mji wa Brighton alifukuzwa kazi bila kupewa nafasi ya kujitetea, na majaji wa juu kabisa wa huko wakasema kufukuzwa kule ni batili. Mhadhiri akatabasamu, akampongeza, akasema hii ndiyo sheria. Mimi nimekaa pale natetemeka. Ni hoja ile ile! Mkuu wa polisi wa Brighton asiposikilizwa ni sheria, mama mdogo wa Tandahimba asiposikilizwa ni siasa. Nielezeni tofauti, maana mimi mpaka leo sijaiona.

Upande wa siasa nako, nilipopeleka mada hiyo hiyo, nikaambiwa vifungu niwaachie wanasheria, wao wanataka nadharia. Kwa hiyo digrii ni moja, lakini ndani yake kuna nyumba mbili zisizosalimiana, na mwanafunzi ndiye anayepigwa na mvua katikati.

Haya. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemdhulumu mtu mmoja.

Kuna mzee mmoja anayekuja kufundisha siasa, si mwajiriwa wa kudumu. Siku moja aliingia bila karatasi yoyote, akachora ubaoni mstari mrefu, juu yake akaandika Mahakama, chini yake Bunge. Akaanza na Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani. 1994, Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Lugakingira anasema mwananchi anaweza kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mshale ukashuka: Bunge likabadilisha Katiba kuzuia jambo hilo hilo. Mtikila akarudi mahakamani, na 2006 Mahakama Kuu ikampa tena ushindi. Mshale ukapanda. 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua, ikasema suala hilo ni la kisiasa, la Bunge kulimaliza. Halafu mzee akachora mshale unaotoka nje ya ubao mpaka ukutani: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, 2013, ikasema Tanzania imevunja haki za Mtikila. Na mgombea binafsi bado hatuna.

Jamani, mimi nilisahau kama sijala. Muda ukaisha, watu wa ualimu wamejaa mlangoni wanataka chumba chao, sisi hatutoki, kila mtu ana swali. Hata wale waliocheka siku ile walikuwa wamesimama juu ya viti. Kwa kipindi kile kimoja, nafuta neno ulaghai. Kozi hii ikifundishwa vile, hakuna kozi nyingine nchini ningeitamani.

Ila ni kipindi kimoja! Vingine ni kukariri madesa, yaani notsi za kupeana, na kuomba usipate sapu, yaani kurudia mtihani. Na ukimaliza, kama unataka uwakili, inakungoja Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, ile tunayoiita Law School. 2022 nchi nzima ilishtuka iliposikia kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26. Sababu zake zilijadiliwa sana na kamati ikaundwa, sitajifanya nazijua zote. Ila mtu akiniambia wahitimu hawajui kujenga hoja, nitamuuliza walifundishwa na nani, na walipojaribu kujenga hoja waliambiwa nini.

Nilimfuata yule mhadhiri ofisini kudai kazi yangu. Nilimpa shikamoo kama kawaida. Hakunyanyua uso. Akasema alama zimeshaingia, karatasi hajui iko wapi, kisha akaongeza, "Wewe utakuja kuwa diwani, si wakili." Alidhani ananitukana. Kwetu diwani ndiye mtu wa kwanza kugongewa mlango pesa za korosho zikichelewa.

Je, muichague? Jana ningewaambia hapana. Leo asubuhi, nikikumbuka ule mshale wa ukutani, nilikuwa nasema ndiyo. Sasa hivi nimekumbuka kazi yangu ilivyokunjwa na sijui niseme nini. Nendeni kwanza chuoni mkaulize nani anafundisha nini muhula huo, na kama yule mzee bado anakuja. Asipokuwepo, tafuteni kozi nyingine.

Mimi siachi. Barua ya malalamiko nimeipeleka kwa mkuu wa idara, na mstari wake wa kwanza ni Ibara ya 13(6)(a). Wakinijibu nitarudi kubadilisha niliyoandika hapa, kwa uzuri au kwa ubaya.