Gundi ya gasketi ya pikipiki: ipi ununue ukifumua injini au giaboksi

Kama uko na haraka na unaelekea dukani, chukua silikoni ya kijivu isiyonuka siki, tyubu ndogo, orijino, na gasketi ya karatasi, ile inayokaa katikati ya vyuma viwili kuzuia oili isivuje, bado uinunue pale kiwanda kilipoweka karatasi. Chini hapa naeleza kwa nini, na ni wakati gani hiyo ya kijivu uiache uchukue nyingine.

Shida ni kwamba ukifika duka la spea ukasema nipe gundi ya gasketi, unapewa nyekundu bila hata kuulizwa unaziba nini. Na pikipiki karibu zote za biashara kwetu, Boxer, TVS, Haojue, Fekon, injini na giaboksi zinakaa pamoja na oili ni moja, hiyo hiyo inalainisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), inapita kwenye klachi na gia, inapanda mpaka juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, kwa hiyo kipande cha gundi kikikatika kwa ndani hakibaki pale kilipo, kinazunguka na oili. Fungua ile nati kubwa ya chini yenye springi na chujio la waya kwenye injini nyingi za Kichina, pikipiki iliyopita kwa fundi wa kumimina gundi utakuta nyuzi nyekundu zimejisokota kwenye wavu kama tambi. Oili haivutwi vizuri, kamshafti, ile inayofungua valvu, inakosa oili, juu kunaanza kugonga, mwenye pikipiki anaambiwa anunue hedi nzima. Yote hiyo imetokana na gundi iliyozidi.

Sasa kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni silikoni ya kijivu. ThreeBond 1215 ya Kijapani ndo mfano mzuri, Permatex wana Ultra Grey, ABRO nao wana ya kijivu, na kati ya zile za Honda na Yamaha zenyewe za kwa wakala zipo za familia hiyo. Inavumilia oili, ikikauka inashika imara kwenye chuma kwa chuma, na haina ile asidi ya kula aluminiamu. Itumie kwenye kesi za injini, zile nusu mbili zinazobeba krenki na gia, kama kiwanda hakikuweka karatasi, pia kwenye kona ambako gasketi mbili zinakutana na pale waya wa sumaku, ile ya kuzalisha umeme, unapotokea na kile kiraba chake. Bei yake iko juu kuliko nyekundu, hilo halipingiki, ila ukipaka inavyotakiwa, uzi mwembamba wa milimita 1 au 2, tyubu moja inakufungia injini kadhaa.

Ya pili ni ile isiyokauka mpaka ikose hewa, mfano Loctite 518. Kwa giaboksi mi ningeiweka ya kwanza kabisa kama ingekuwa inapatikana kirahisi na kama kesi zetu zingekuwa safi. Uzuri wake ni kwamba inakauka pale tu ilipobanwa katikati ya chuma na chuma, ile iliyozidi ikachungulia ndani inabaki majimaji na oili inaiosha, hakuna nyuzi wala kuziba chujio. Ubaya wake haizibi mikwaruzo mikubwa, na kesi nyingi za boda zimeshatenganishwa kwa bisibisi mpaka zina makovu. Kesi yako ikiwa na makovu rudi kwenye kijivu.

Ya tatu Hylomar, ile ya bluu, ilianzia kwenye injini za ndege za Rolls-Royce kule Uingereza. Haikauki kabisa, inabaki inanata. Ni nzuri kwa kava unalolifungua mara kwa mara, kava la klachi kwa mfano, unaipaka nyembamba kwenye gasketi ya karatasi na siku ya kufungua karatasi inatoka nzima bila kukwanguliwa. Kuipata ndo kazi.

Ya nne silikoni nyeusi, ya oili pia, inavutika zaidi, inafaa makava ya bati yanayocheza cheza. Kesi za injini zinataka kijivu.

Nyekundu naiweka mwisho. Sifa yake ni joto, na nyingi za bei rahisi zinanuka siki ukifungua, hiyo harufu ndo asidi. Ukiwa nayo mkononi na huna nyingine, kava la nje sawa, weka kidogo. Ila kwenye kesi za krenki usiiweke, na kwenye ekzosi usidanganyike na namba 300 na kitu iliyoandikwa kwenye boksi, pale kwenye mdomo wa hedi joto linazidi namba hiyo, nunua ringi yake ya ekzosi. Gasketi ya hedi na ya chini ya bloku hazipakwi silikoni ya rangi yoyote. Silikoni ya vioo ya fundi aluminiamu na gundi za chuma za kuchanganya sio za kazi hii, aliyezitumia atakuja kupasua kava siku ya kufungua.

Wenye Yamaha DT au AG100 na tu-stroki nyingine, hapa muwe makini sana: ndani ya kesi ya krenki kunapita petroli, na silikoni ikinywa petroli inavimba na kuachia. Uliza gundi iliyoandikwa inastahimili petroli, na kwenye kabureta usipake kitu.

Kuhusu karatasi, wapo wanaoitupa wanaweka gundi tupu ili kuokoa hela. Ile karatasi ina unene wake na kiwanda kiliuhesabu, ukiitoa kesi zinasogeleana, shafti za gia zinabanwa pembeni, gia zinakuwa ngumu na kila mtu analaumu klachi.

Kwenye kupaka, kwangua gundi ya zamani kwa wembe taratibu, malizia na thina maana petroli inaacha mafuta, funga ikiwa bado mbichi kabla haijaota ngozi, dakika kama 10 hivi. Boliti za milimita 6 zinataka Nm 10 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kaza kwa kukatisha pembe usizunguke upande mmoja. Halafu iache ilale, masaa 24 ndo kukauka kwenyewe, najua dereva ana hesabu ya tajiri kwa hiyo kazi hii mpangie jioni oili iingie kesho yake. Silikoni inakaushwa na unyevu wa hewani, Dar na Tanga inawahi, Dodoma kiangazi ipe muda zaidi.

Dukani angalia tarehe ya mwisho, bonyeza tyubu, ikiwa ngumu au ina mabonge irudishe, na iliyokaa dirishani juani usiichukue hata kwa punguzo. ABRO inaigwa sana, kwa hiyo soma maandishi ya boksi na ya tyubu kama yanafanana. Tyubu ndogo ni bora kuliko kubwa, kwa sababu ikishafunguliwa inaanza kugandia mdomoni, na ikifika hapo utakuwa unaikamua kwa nguvu na kupaka mabonge.