upload-artifact v4: kupasiana faili kati ya kazi sambamba, nyota nne

Nimeitumia hii upload-artifact ya GitHub Actions (huduma ya GitHub ya kubildi na kutesti kodi yenyewe) muda sasa na kusema kweli naipenda, maana kwenye mashine za GitHub kila kazi (job) inaanza kwenye mashine mpya isiyo na kitu, bila atifakti (faili unazohifadhi ili kazi nyingine izichukue) unajikuta unabildi kodi ileile mara tano kwa ajili ya testi tano. Hapa unabildi mara moja, unapandisha, testi zote zinashusha na kukimbia sambamba. Ila weka needs jamani (mstari unaoifanya kazi isubiri nyingine imalize), la sivyo testi zinaanza faili halijafika.

Tangu v4 itoke Desemba 2023 atifakti ikishapanda haiongezewi kitu, yaani kazi mbili hazipandishi tena kwa jina moja kama zamani, kwa hiyo kwenye matriksi (kazi moja ikirudiwa kwa mipangilio tofauti) kila moja ipe jina lake halafu mwishoni unazishusha zote kwa download-artifact, ukiweka pattern (inachagua majina yanayofanana) na merge-multiple (inaziweka zote kwenye folda moja). Mwanzo inasumbua lakini mimi naona ni sawa kabisa, kazi moja haivurugi ya mwenzake.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ruhusa za faili hazibaki, binari (programu iliyokwisha kubildiwa) inashuka haiendesheki, hapo funga faili kwa tar kwanza ndipo upandishe. Na usipogusa mpangilio atifakti zinakaa siku 90, mi naweka retention-days 1 tu.