Tecno na iPhone nyumba moja: kuonyeshana mlipo kwa Google Maps na WhatsApp

Si ajabu siku hizi Mwanza kukuta mume ana Tecno au Infinix na mke ana iPhone, au kinyume chake, na wote wanataka kujua mwenzao kafika wapi bila kupigiana kila baada ya dakika kumi. Kwa wawili kama hao njia za maana ni mbili: Google Maps kwa kila siku, WhatsApp kwa safari. Find My ya Apple, ambayo wenye iPhone huisifia sana, tuimalize hapa hapa. Kuonyeshana watu ndani yake ni iPhone kwa iPhone, na programu yake ya Android haipo. Mwenye Tecno hana pa kuingilia.

Google Maps imekuwa na huduma ya kushea lokesheni tangu 2017, na haibagui aina ya simu. Fungua ramani, gusa picha yako juu kulia, ingia "Location sharing", bonyeza kitufe cha kushea. Utachagua muda: saa 1, unayoweza kuiongeza, au mpaka utakapoizima mwenyewe. Kisha unamchagua mwenza. Naye afanye vivyo hivyo kwenye simu yake, maana wewe kumwonyesha ulipo hakukupi kumwona yeye. Wapo wanaoshea upande mmoja kisha wanalalamika kwamba huduma ni mbovu.

Pale pa kumchagua mwenza ndipo wengi hukwama. Ili muonane moja kwa moja ndani ya ramani, kila mmoja anahitaji akaunti ya Google. Namba ya simu peke yake haitoshi. Mwenye iPhone anaweza kuwa na akaunti ya Apple tu, hivyo afungue Gmail na kuingia nayo ndani ya Maps. Kwenye Android tatizo ni jingine kabisa: simu ilifunguliwa dukani, kijana wa duka akatunga Gmail papo hapo, na nywila akabaki nayo kichwani mwake. Ukishea kwa Gmail ya zamani ya mwenza huku simu yake inatumia ile ya dukani, hataona kitu. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya Google, usome anwani iliyopo, kisha uihifadhi pamoja na jina lake kwenye orodha ya namba zako. Mkiona nywila haijulikani, wekeni akaunti mpya sasa, kabla simu haijaharibika.

Ipo pia njia ya kutuma kiungo, na mwenza akafungua ramani kwenye kivinjari bila akaunti. Inafaa kwa dharura. Ila kiungo kina muda wake, na yeyote atakayetumiwa anaona ulipo, hata kama hukumkusudia.

Akaunti zikishakaa sawa, kinachobaki ni ruhusa, na hapa kila simu ina ugonjwa wake. Kwenye iPhone ingia Settings, Privacy & Security, Location Services, Google Maps. Chagua "Always", na hakikisha "Precise Location" imewashwa. Hii ya pili ikizimwa, simu hutoa eneo la kukadiria lenye upana wa kilomita kadhaa, na mtu aliyeko Kirumba anaweza kuonekana yuko Buzuruga. Ugomvi wa bure. Kisha jihadhari na kile kidirisha ambacho iPhone hukitoa mara moja moja kuuliza kama Maps iendelee kutumia lokesheni yako kwa nyuma. Watu hugusa jibu la kwanza bila kusoma, ruhusa inashuka hadi wakati wa kuitumia tu, na kuanzia hapo nukta inayoonyesha alipo kwenye ramani haisogei mpaka Maps ifunguliwe. Mwenza wa iPhone akiganda ghafla baada ya wiki kadhaa za amani, anza kukagua hapo. Kisha angalia kama alama ya betri ni ya njano: hali ya kubana chaji huzuia programu kujisasisha zenyewe kwa nyuma.

Kwa Tecno na Infinix mchawi ni ukali wa simu zenyewe katika kutunza betri. Kioo kikizimwa, mfumo hufunga programu zinazofanya kazi kimya kimya, na ramani ikiwemo. Bonyeza alama ya Maps uishikilie, ingia kwenye taarifa za programu, kwenye betri ondoa vizuizi vyote, na kwenye ruhusa za lokesheni chagua "Allow all the time". Halafu fungua Phone Master, ile programu ya usafi inayokuja na simu, utafute mahali pa kuruhusu programu kujiwasha zenyewe, uiruhusu Maps. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika, na bila hiyo zile nyingine zinaweza zisisaidie. Kwenye Samsung, itoe Maps kwenye orodha ya programu zinazolazwa. Mfumo wa simu ukisasishwa, kagua upya.

Yote yakikaa sawa, Google Maps inafanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Ukigusa picha ya mwenza unaona alipo, lini nukta yake ilisasishwa mara ya mwisho, na chaji iliyobaki kwenye simu yake. Ule muda ndio wa kusoma kwanza. Nukta ya "dakika 40 zilizopita" inakuambia alikokuwa, na dakika 40 zinatosha kabisa kutoka Igoma hadi Nyegezi. Unaweza pia kuweka taarifa ya akifika au akiondoka mahali fulani, mathalani stendi ya Nyegezi kwa anayerudi kutoka Sengerema au Geita. Yeye naye ataarifiwa kwamba umeiweka, na ni vizuri iwe hivyo.

Kuna mambo mawili ambayo programu yoyote haiwezi kuyarekebisha. La kwanza ni ziwa. Simu hupokea mawimbi ya satelaiti hata katikati ya maji na bila bando, kwa hiyo yenyewe inajua ilipo. Kukuambia wewe ndiko kunakohitaji mtandao. Anayekwenda Ukerewe akiacha minara nyuma, nukta hubaki pale ilipopata mtandao mara ya mwisho, kisha huruka ghafla akikaribia Nansio. Kivuko hakijasimama, tulia. La pili ni milima na mawe. Kwenye miteremko ya Igogo na Mabatini mawimbi hugonga miamba na kuta kabla ya kufika kwenye simu, hivyo nukta huyumba. Hata ikitulia, ramani inaonyesha umbali wa kulala tu. Mita 50 kwenye kioo zinaweza kuwa ngazi za mawe za kukutoa jasho.

WhatsApp inashinda kwa urahisi, kwa kuwa mwenza tayari yumo na haihitaji Gmail. Kwenye mazungumzo yenu gusa alama ya kibanio kwenye Android, au ya kujumlisha kwenye iPhone, chagua lokesheni, kisha "Share live location". Ile nyingine ya kutuma ulipo sasa ni picha ya hapo ulipo tu, haisogei. Wengi huituma wakidhani ni yenyewe, na anayepokea anashangaa kwa nini mtu hajaondoka Kamanga. Muda ni dakika 15, saa 1 au saa 8. Kwa Nansio chagua 8, maana safari ya majini inakula saa kadhaa na kivuko kikichelewa, ile ya saa 1 itaishia bandarini. Kwenye iPhone, WhatsApp nayo itadai "Always".

Kwa bando la mitandao ya kijamii peke yake, WhatsApp inaweza kupitisha nukta huku ramani iliyo nyuma yake ikibaki kijivu, kwa sababu ramani yenyewe hailetwi na WhatsApp. Google Maps nayo inaweza isipite kabisa kwenye bando la aina hiyo. Kabla ya kubadili mipangilio yote, angalia aina ya bando.

Kuonyeshana kwa kukubaliana ni jambo moja. Kuchukua simu ya mwenza amelala ukamwashia kimya kimya ni jambo jingine. Google hutuma ukumbusho kwamba lokesheni inashewa, kwa hiyo atajua tu.

Mkiuza simu au kumpa mtoto, zimeni kushea na mwondoe akaunti kwanza. Akaunti ikibaki na kushea kukiwa kumewashwa, mama atafuatilia nukta ya mtu asiyemjua huko Magu, akidhani ni baba watoto.