Shada la Majilio na kijitabu chake: kwa mwenye msiba linafaa?

Kwa mnaoulizia lile shada la mishumaa minne linalouzwa pamoja na kijitabu cha masomo ya Majilio, zile Jumapili nne za kungojea Krismasi, kwenye duka la vitabu vya dini pale Mwanza mjini upande wa Makoroboi, mi nilinunua mwaka jana nikalitumia msimu mzima. Bei 25,000. Nilinunua kwa sababu mama alifariki Septemba na Desemba ilivyokaribia nilikuwa sitaki hata kupita madukani, zile nyimbo zao za Krismasi zinapigwa toka asubuhi na kila mtu anakuuliza mnaenda wapi sikukuu, wakati kwa mama ndo ilikuwa kwenda.

Nianze na ubaya. Shada ni plastiki, sawa, litakaa miaka. Mishumaa ndo balaa. Mitatu zambarau, mmoja pinki wa Jumapili ya tatu, na yote laini jamani, nyumba ya bati isiyo na silingibodi, ule wa kwanza uliinama kabla hata haujawashwa. Nikarudi dukani kuuliza, kijana akanambia dada hii imetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, basi, akaendelea na simu yake. Na mvua ikikatika jioni usiwashe mlango ukiwa wazi, kumbikumbi wote wa huku mtaani Igoma wanahamia kwako, wanaungua mabawa wanadondokea kwenye nta, mwanangu anawatoa mmoja mmoja na njiti ya kiberiti huku baba yake anasoma somo la siku na hamna anayesikiliza.

Kijitabu sasa. Aliyekiandika ni mtu wa kaskazini huko, maana nusu ya kurasa ni theluji. Anaeleza Stockholm jua la Desemba linazama kabla ya saa tisa alasiri, na kule Tromsø, Norway, kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari halichomozi kabisa, na kuna watu mwanga ukipungua wanaumwa huzuni kweli mpaka wanatibiwa kwa kukaa mbele ya taa maalumu. Nimejifunza, ila sisi huku jua linatoka na kuzama saa zilezile karibu mwaka mzima, giza letu la Desemba ni nauli ya basi iliyopanda, ada ya Januari, na kiti cha mtu ambaye hayupo. Kilichonivutia ni historia ya shada lenyewe, kwamba mwaka 1839 mchungaji mmoja wa Hamburg, Johann Wichern, aliyekuwa analea watoto maskini, alichoshwa na kuulizwa kila siku Krismasi lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kazi na mikubwa minne ya Jumapili. Kumbe lilianzia kwa watoto wa shida, si mapambo ya mahoteli.

Paliponiudhi ni siku ya Isaya 9, watu waliokwenda katika giza wameona nuru kuu. Kurasa mbili nzima za barafu na miti mikavu! Wakati ukisoma Mathayo 4 maneno hayohayo yanasemwa juu ya Kapernaumu, kando ya ziwa, na mistari michache mbele Yesu anawaita wavuvi. Yaani andiko la watu wa ziwani kabisa linasomwa Mwanza na hakuna hata mtumbwi mmoja ndani. Na giza kwa mtu wa ziwa sio adui tu, mwezi ukiwaka wavuvi wa dagaa wanalala nyumbani, giza likirudi ndo wanatoka na taa zao. Hilo ningependa mtu wetu aliandike.

Lakini hela yangu ilirudi tarehe 21. Kijitabu kinasema huo ndo usiku mrefu kuliko wote kwa nchi za kaskazini, na kuna makanisa Marekani na Uingereza yanafanya ibada ya waliofiwa siku hizo, bila shangwe. Tukafanya nyumbani, mimi, mama mdogo, na jirani ambaye mumewe alizama kwenye dagaa. Somo ni Zaburi ya 88. Mama mdogo ndo alisoma, akafika mwisho akageuza ukurasa akarudisha, akauliza, mbona imeishia hapo? Maana zaburi hiyo inaishia gizani hivohivo, hamna haleluya. Jirani akasema basi na mimi nimo kwenye Biblia. Toka msibani watu walikuwa wanamwambia usilie kazi ya Mungu haina makosa, na yeye anaitikia amina tu, usiku ule ndo akaongea, kwamba boti ilipatikana na nguo zake hazikupatikana, akalia na hatukumnyamazisha. Baadae tukawasha mishumaa yote minne, ule ulioinama nikauegemeza kwenye kikombe, tukala ugali na sato. Krismasi alikuja kanisani na watoto, ambapo alikuwa ameshasema hatokanyaga.

Kwahiyo kama nyumbani mko vizuri mnataka pambo tu, 25,000 ni nyingi, tafuta kingine. Kama mna msiba au mgonjwa nunua, na kurasa za theluji ruka, anzia pale wiki ya pili, maombi ni mafupi na hayakulazimishi kufurahi, yanaongelea kumngoja Bwana arudi, atakapofuta machozi na mauti isiwepo tena, na mfiwa hicho ndo anachotaka kusikia kuliko hori na kondoo. Kijitabu peke yake ukiomba wanakuuzia 7,000, hawasemi mpaka uulize. Mishumaa chukua ile myeupe ya dukani ya umeme ukikatika, haiinami. Ila kama kuna anayejua wapi Mwanza hii nitapata ya zambarau iliyo migumu aniambie kabla Novemba haijaisha, mwaka huu jirani kasema tukae kwake.