Betri za dharura za mabehewa ya treni za mjini: ipi uchukue, ipi uachane nayo

Ukitaja betri ya treni wengi wanafikiria ile ya kuwashia injini. Hapa naongelea ile nyingine, iliyofungiwa kwenye boksi chini ya behewa, ambayo umeme wa treni ukikatika ndiyo inabaki kubeba taa za dharura, milango, redio ya dereva, spika za kutangazia na feni kidogo. Na kwenye treni za umeme, kama zitakazopita kwenye ile SGR, reli mpya ya Uganda ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ambayo kampuni ya Uturuki ya Yapi Merkezi walisaini kuijenga Oktoba 2024, betri ndiyo inainua pantografu asubuhi, ule mkono wa juu ya treni unaochukua umeme kwenye waya, kwa hiyo ikiwa imelala, treni inakaa tu chini ya waya wenye umeme na haiwezi kuuchukua.

Sasa watu wakienda kununua wanaanza na bei. Mimi naanza na hili: ikifa, inakufaje? Kuna betri inayodhoofika taratibu mpaka fundi anaiona kwenye kipimo miezi kabla, na kuna inayokuacha ghafla tu kati ya stesheni za Namboole na Namanve nje ya Kampala, behewa limejaa, jua la saa nane. Hela nahesabu baadaye, na nagawa kwa miaka.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni nikeli-kadimiamu, ile ya kuongeza maji. Ni teknolojia ya zamani kweli, Jungner wa Sweden aliitoa 1899, lakini ndani yake kuna alkali na alkali haili chuma cha sahani kama asidi inavyokula risasi kwenye betri za kawaida za risasi, ndiyo maana haifi kwa kushtukiza. Ukiimaliza chaji yote haikasiriki, ukiiweka stoo muda mrefu bado inaamka. Ikitunzwa inafika miaka 15, hata 20. Joto nalo linaigusa kidogo: kila nyuzi 10 zikiongezeka maisha yake yanapungua kama sehemu moja ya tano, wakati ya risasi yanakatika nusu, na usidanganywe na hewa nzuri ya Kampala maana ndani ya boksi lile kuna joto lake lenyewe. Bei ni mara mbili tatu ya risasi au zaidi, hilo sikufichi. Lakini seli moja ni volti 1.2, mfumo wa volti 110 unabeba seli kama 80 hivi, ikiharibika moja unabadilisha hiyo moja tu.

Shida yake kubwa ni fundi aliyezoea betri za lori. Anakuja na hidromita yake, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri, anavuta maji, anaona kipimo kile kile kila seli, anasema ziko fiti. Hapana bwana! Kwenye hizi uzito wa maji haubadiliki na chaji, hidromita haikuambii kitu kuhusu chaji, unapima volti na unafanya jaribio la kuimaliza chaji kwa mzigo. Halafu ile hidromita imetoka kwenye asidi, matone machache yakiingia umeua seli. Jagi, faneli, spana, vyote viwe vyake peke yake, vipakwe rangi tofauti na vifungiwe. Na maji ni distilidi, si ya bomba.

Namba mbili ni lithiamu, ila ile ya LFP tu, yaani ya chuma na fosfeti, zingine usiziweke chini ya abiria. Ni nyepesi sana, haitaki maji, inavumilia kuchajiwa maelfu ya mara. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya ule ubongo wake, BMS, kifaa cha kielektroniki kinachoilinda betri, ambao ukiona kitu hauelewi unakata umeme wote mara moja, na saa hiyo ya dharura ndiyo ulikuwa unaitaka betri. Muulize muuzaji ikikata nini kinabaki kinawaka, akibabaika ondoka. Pia chaja ya zamani ya behewa mara nyingi haiendani nayo, kwa hiyo bei uliyopewa bado haijaisha.

Ya tatu, risasi ya maji yenye sahani za tyubula, yaani za mirija. Ni rahisi, mafundi wanaijua, na kama karakana yako ina watu wa kuongeza maji kila wakati itakutumikia vizuri tu. Ya nne ndiyo risasi iliyofungwa, AGM (asidi imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) au jeli (asidi ni uji mzito), ambayo kila muuzaji anaisifu ati haitaki matunzo, wakati ukweli ni kwamba hata ukitaka kuitunza huwezi, maji yakikauka kwa joto yamekauka. Kati ya AGM na jeli chukua jeli. Betri ya gari kutoka Kisekka, soko la vipuri la Kampala, hata sitaipa namba, ile ni ya kupiga stata, sahani zake nyembamba, ukiinyonya saa nzima mara kadhaa umeiua.

Ukubwa piga hesabu mwenyewe. Tuseme mzigo wa dharura ni wati 2,200 kwa volti 110, hiyo ni ampea 20, ukitaka saa mbili ni 40Ah (ampea mara saa), ongeza robo kwa ajili ya uzee, 50Ah. Na hizo saa ziishie kabla volti hazijashuka chini ya 77, kwa sababu EN 50155, kiwango cha Ulaya cha vifaa vya kielektroniki vya treni, inataka vifaa vifanye kazi kati ya asilimia 70 na 125 ya volti za kawaida, chini ya hapo redio inaweza kuzima hata kama betri ina chaji.

Mzigo ukishuka Mombasa na kupanda mpaka Malaba, angalia tarehe ya kutengenezwa kabla ya kusaini. Risasi iliyokaa miezi ndani ya kontena la moto bila kuchajiwa inafika sahani zake zimeshaganda salfeti na hazishiki chaji vizuri, nje inang'aa kama mpya. Pima kila moja palepale.

Mwisho ni mabaki. Risasi kuukuu wanunuzi wa skrapu wataifuata wenyewe, lakini kadimiamu ni sumu, usiiache ikarundikwa nyuma ya karakana mpaka NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, waje kuuliza. Muuzaji akubali kuzichukua zikichoka, na hilo liandikwe kwenye oda ile ile ya kununulia.